Boti ya doria ya ushirika: semeni kazi yake kabla hamjachanga

Kuna kijana wa Malindi kaniandikia juzi, yeye na wenzake wanataka kuunda boti ya doria pamoja na wavuvi wa huku Lamu, waanzie wapi? Ndugu yangu umebisha hodi penyewe, ya kwetu imeshuka majini mwezi uliopita na wale waliosema haitoelea ndo wanaopiga nayo picha saa hii.

Tulianza vijiji vinne. Kimoja kikataka boti ya mbio ya kufukuza wenye nyavu haramu, kingine kikataka ibebe na wagonjwa, cha tatu wanakaa ndani ya mikoko kwa hivyo wao wanataka isiyozama sana ndani, ipite hata maji yakipwa, na cha nne kilitaka tu iundwe kwao vijana wao wapate kazi. Vikao havikwisha. Halafu akaletwa mshauri wa mradi akaniambia mbele ya watu fundi wa mbao hajui mambo ya faiba. Mimi! Wazee wangu wameunda majahazi Matondoni bila karatasi, mkuku kwanza, ule mti wa chini wa chombo, mataruma, yaani mbavu zake, yakafuata, na vyombo vikaenda bara Arabu vikarudi. Sijasahau na sitasahau.

Usiku nikawa nasoma habari za manowari za wakubwa, nikaona kumbe nao ni hivyo hivyo tu. Miaka ya 1980 nchi nane za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, zilitaka kuunda frigeti moja, yaani meli ya vita ya kusindikiza nyingine, mradi ukiitwa NFR-90, kila mmoja na lake, haikutoka hata meli moja. Ikaja Horizon, mradi mwingine wa frigeti wa Uingereza, Ufaransa na Italia: Muingereza alitaka meli ya kulinda anga kubwa ya bahari, wenzake hawakuwa na haja hiyo, na kazi ya nani iende wapi ikawa ugomvi, 1999 akajitoa akaunda zake. Waliobaki wawili wakaunda nne.

Sasa tizama Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa na meli zao za kutafuta mabomu ya baharini. Umbo moja, kila nchi ikaunda za kwake, Mfaransa akaleta vifaa vya kusakia mabomu, Mholanzi mitambo ya kusukuma meli, Mbelgiji mambo ya umeme. Zikafanya kazi miaka mingi. Na korveti mpya ya doria ya Ulaya, meli ya vita ndogo kuliko frigeti, ile iliyoingia PESCO, mpango wa ulinzi wa pamoja wa Umoja wa Ulaya, 2019, Italia mbele, ndo njia hiyo hiyo, msingi mmoja halafu matoleo tofauti, hii ya safari ndefu, hii ya vita zaidi.

Nikapeleka hilo kikaoni. Umbo moja la boti lisilozama sana, nafasi ya machela katikati, injini ya kutosha, basi. Wale wa kijiji cha nne wakaondoka na maneno mengi, tukabaki vijiji vitatu na kazi ikaenda.

Kwa hivyo mdogo wangu andikeni boti ni ya nini. Andikeni kabla ya pesa, kabla ya mfadhili, kabla ya fundi, wote watie sahihi. Asiyetaka aende mapema, vijana wa siku hizi mnaogopa sana kuachana. Na mafuta ya kila mwezi ni ya nani, hilo nalo liandikwe, sisi bado tunavutana.