Angalia Kwanza, Wahakiki Watasubiri

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo huko Dodoma, aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimeangalia ile muvi ya Kiitaliano uliyoisifia. Nimeipenda, lakini nikitaka kuiandikia naona aibu. Wenzangu wanaandika mambo mazito, mimi nimebaki nafikiria baiskeli tu. Naanzaje nisionekane mshamba?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilidhani nitakujibu kwa mistari miwili nikalale, lakini hilo neno la mwisho lilinigusa pabaya. Kwa hiyo makala nzima ni yako, na ya wote wenye ndoto kama zetu: kuandika kuhusu sinema, tena sinema ya mbali, watu wakasoma.

Mimi niliitwa mshamba kwa filamu hiyo hiyo. Ilikuwa jioni ya sinema jijini Dar, ukumbi umejaa watu waliosoma, viti vya plastiki, juisi ya bure. Tukaonyeshwa Ladri di biciclette, Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, 1948. Kwa asiyeijua: Antonio Ricci hana kazi, Roma imetoka vitani, watu wanasubiri vibarua mlangoni. Anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, ila sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake ameiweka rehani. Mkewe Maria anavua mashuka ya kitandani, wanayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Siku ya kwanza ya kazi, yuko juu ya ngazi anabandika bango, inaibiwa. Filamu iliyobaki ni yeye na mwanawe Bruno wakizunguka mji kuitafuta.

Taa zikawashwa, mwenyekiti akakaribisha maoni. Nikanyoosha mkono. Nikauliza: mbona mtu huyu yuko peke yake hivi? Hakuna hata mchango? Mtaani kwetu mtu akiibiwa kitendea kazi, jioni hiyo hiyo kuna mtu anapita na daftari. Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti akasema tujikite kwenye uhalisia mamboleo, ule mtindo wa Kiitaliano wa kupiga filamu mitaani kuhusu watu wa kawaida. Mama mmoja wa safu ya mbele akageuka, akaniambia kwa upole ule unaouma kuliko tusi kwamba haya si mambo ya vikoba. Nikakaa. Hereni alizovaa nazikumbuka mpaka leo, za dhahabu, umbo la jani.

Baadaye nikaipata filamu ile kwenye DVD. Nikafunga mlango, nikashika rimoti. Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza, kwa sababu sebuleni hakuna mwenyekiti. Ukitaka kusimamisha unasimamisha. Ukitaka kurudia uso wa mtoto mara tano unarudia, na hakuna anayekugeukia.

Tuanzie polisi. Antonio anakwenda kuripoti, askari anaandika, kisha anamwambia akaitafute mwenyewe. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Mtanzania yeyote aliyewahi kubaki na namba ya RB mfukoni, na mali haionekani, haelezwi tukio hili na profesa. Kisha wanakwenda masoko ya Piazza Vittorio na Porta Portese, ambako vitu vya wizi huuzwa vipande vipande, kengele kule, tairi huku. Nikasema, hii Gerezani ya Dar! Na yule mwanamke mtabiri je, mwenye watu wamejaa chumbani na pesa mkononi? Mwanzoni Antonio anamcheka mkewe kwa kumwamini. Alipoishiwa na pa kwenda, anakwenda yeye mwenyewe, na mtoto amemshika mkono. Tunawafahamu wanaume wa namna hiyo. Mchana wanakejeli waganga, usiku wanauliza njia.

Na mchango? Nilirudia filamu nikiutafuta kwa makusudi. Upo kidogo: rafiki yake Baiocco, mzoa taka, anakusanya wenzake alfajiri wamsaidie kusaka pale Piazza Vittorio. Wanatoa miguu na macho, hawana cha mfukoni. Polisi wanaandika, kanisa linanyoa maskini ndevu na kugawa supu, chama kinafanya mkutano, mtabiri anapokea hela, na baiskeli haipatikani. Kila mlango Antonio anaobisha, nyuma yake ni swali langu lile lile lililochekwa. Nasema hivi bila haya: mimi niliiona filamu ile siku ile kuliko ukumbi mzima.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, mdogo wangu: andika kabla hujasoma ya wenzako. Filamu ikiisha, usifungue simu. Chukua daftari, andika ulichokiona, hata kama ni baiskeli tu. Hasa kama ni baiskeli tu. Ukishasoma wahakiki, macho yako yanakuwa ya kuazima, na kuyarudisha ni kazi.

Miaka iliyofuata nairuka. Niliangalia nyingi, nyingine nikasinzia, nikaandika, hakuna aliyesoma. Twende kwenye viazi.

Makala yangu iliyosomwa kuliko zote ni ile ya viazi, wasomaji wa zamani mnaijua. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi filamu bora kuliko zote. Mwaka 1952, mara ya kwanza, walichagua hii hii ya baiskeli. Mwaka 2022 wakachagua ya Chantal Akerman, Mbelgiji, Jeanne Dielman, iliyotoka 1975, akiwa binti wa miaka 25 hivi. Ndiyo mara ya kwanza filamu ya mwanamke kukaa juu ya orodha hiyo. Ina dakika 201. Mjane wa Brussels anapika, anaosha vyombo, anatandika kitanda, anamlisha mwanawe, na mchana anapokea wanaume kwa malipo. Siku tatu. Kamera imetulia kama fundi aliyeiweka kaondoka zake.

Mama mkubwa alikuwa amekuja kwangu Tanga kutoka Muheza kwa ajili ya macho, ametoka kutiwa dawa, hawezi kusoma maandishi ya chini. Nikamwambia nitamsomea. Nikawa Lufufu wa sebuleni, kama wale waliotutafsiria muvi kwenye mabanda ya video, ila wenzangu walikuwa na ngumi na mabomu ya kusimulia, mimi nina mwanamke anawasha jiko.

"Stelingi nani?" akauliza.

"Huyo anayemenya viazi."

Akaguna. Nikajua dakika kumi hazifiki atakwenda kulala. Hakwenda. Alipoingia mwanaume wa kwanza na mlango ukafungwa, mama mkubwa hakuiangalia TV, aliniangalia mimi. Nikajifanya natafuta rimoti. Kisha akasema taratibu, "Mjane huyo. Nani anamletea?" Hakusema zaidi. Mwenyewe alibaki mjane na watoto wanne.

Siku ya pili katika filamu, Jeanne anatoka chumbani na mgeni, anakuta viazi vimepitiliza. Anaishika sufuria, anakwenda nayo jikoni, anatoka nayo, anaingia huku, anatoka kule, hajui pa kuiweka. Mimi nilikuwa nimeanza kupiga miayo. Mama mkubwa akakaa wima.

"Huyu ana jambo."

"Jambo gani, mama? Viazi tu vimeungua."

"Mwanamke anayejua jikoni lake hapotezi pa kuweka sufuria. Huyu kuna kitu kimemtoka. Wewe angalia, leo hamalizi salama."

Na kweli mambo yalianza kumkataa moja moja. Kifungo kimeachwa wazi. Nywele. Chombo anachowekea pesa kimebaki bila mfuniko. Mama mkubwa akawa anavitaja kabla yangu, kama mtu anayehesabu dalili za homa. Mwisho wa filamu sikwambii, ila ulipofika mimi niliruka, yeye hakushtuka. Alisema "Haya," akaomba maji.

Baadaye nikasoma waliyoandika wataalamu kuhusu tukio la viazi. Kurasa kwa kurasa, na nyingi nzuri, sikatai. Lakini hakuna niliyemkuta amefika mbali kuliko mama mkubwa na macho yake yenye dawa. Nikaandika makala, nikaweka maneno yake kama alivyoyasema. Ikasambaa mpaka ikanirudia kwenye kundi la WhatsApp la familia, imetumwa na shemeji asiyejua ni yangu.

Ushauri wa pili basi: usiangalie na mtu anayejua sinema, angalia na mtu anayejua kazi inayofanyika ndani ya sinema. Filamu ya mvuvi, mtafute mvuvi. Ya jiko, mtafute mama. Na msomee kwa sauti. Unapolazimika kumgeuzia mtu Kifaransa kilichokuja kwa Kiingereza kiwe Kiswahili cha Muheza, huwezi kujificha. Sentensi usiyoielewa itakukwama kooni, naye ataona.

Mambo ya mashine niyaseme haraka, maana huwa mnaniuliza. DVD zimegawanywa kwa kanda: Ulaya ni kanda ya 2, sisi Afrika Mashariki tumewekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Deki inayofuata sheria itaikataa DVD ya ndugu yako aliyeko Ulaya. Deki nyingi za bei ndogo hazijali, nunua hizo. Kwenye Blu-ray tumepata nafuu, Afrika na Ulaya wote ni kanda B, lakini diski nyingi za Marekani ni A, ulizeni kwanza kabla ya kutuma hela. Na msishangae DVD ya Ulaya ikiwa fupi kuliko ilivyoandikwa vitabuni. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, mfumo wa TV wa Ulaya, PAL, huzichezesha 25, kwa hiyo zile dakika 201 zinakuwa kama 193. Mama mkubwa alipunguziwa dakika nane na hakulalamika.

Nimalizie na binamu yangu wa Hamburg, anayesafisha maofisi usiku. Nilimwambia atafute Angst essen Seele auf, Hofu Hula Roho, ya Rainer Werner Fassbinder, 1974. Mjini Munich, mama mtu mzima wa Kijerumani, Emmi, msafishaji, anaolewa na kijana wa Morocco anayeitwa Ali. Watoto wake wanamtenga, mmoja anaipiga TV teke mpaka inapasuka. Mwenye duka anakataa kumuuzia Ali. Nilikuwa na uhakika binamu atanipigia kuhusu Ali, mgeni kwa mgeni. Nilishaandaa na aya kichwani.

Hakumtaja Ali. Alinieleza ngazi. Wasafishaji wenzake Emmi wanakula chakula cha mchana wamekaa kwenye ngazi za jengo, na baada ya ndoa ile wanamtenga, anakula peke yake. Mbele kidogo anakuja msafishaji mgeni kutoka Herzegovina, sasa ndiye anayetengwa, na Emmi amerudi kundini, anateta na wenzake. Binamu alisimamisha hapo. "Mimi nimekaa ngazi zote mbili," akaniambia. Kisha akanisimulia habari ya mwenzake wa kazini ambayo hajawahi kumsimulia mtu, na mimi siiandiki hapa.

Ile aya yangu ya mgeni kwa mgeni niliitupa. Ilikuwa nzuri, ina maneno makubwa, ila yoyote angeweza kuiandika bila hata kuiona filamu. Na hapa ndipo vijana mnaponiudhi, mniwie radhi. Mnaandika filamu "inaakisi hali ya jamii". Jamii gani? Ya nani? Nani kakaa kwenye ngazi? Mnakimbilia neno kubwa kwa sababu linawakinga na kicheko. Acheni. Nilichekwa na niko hai. Andika kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, sema kilikufanya nini, sema wewe ni nani hata kikakufanya hivyo. Na andika kabla hujasoma ya wenzako. Nimelisema tayari? Nitalisema tena kesho.

Usiogope kuchukia pia. Niliponogewa na mafanikio ya viazi, nikamwekea mama mkubwa Stalker ya Andrei Tarkovsky, 1979, zaidi ya saa mbili na nusu. Wanaume watatu wanaingia eneo lililokatazwa wakiwa juu ya kitoroli cha reli, dakika zinapita tunatazama visogo vyao, reli inagonga, inagonga. Mimi napenda kipande hicho kupita kiasi, rangi inapobadilika mwili hunisisimka. Mama mkubwa alivumilia, akavumilia, kisha akauliza, "Hawa wanasafiri hawana hata mzigo?" Akainuka kwenda kuangalia maharage.

Niliandika hivyo hivyo: kwamba mimi nimeipenda na yeye ameikataa, na sababu yake. Walikuja wapenzi wa Tarkovsky wakanitukana kwa Kiswahili fasaha kabisa. Mmoja alinitaka niifute makala kwa heshima ya marehemu. Ipo bado. Nimeiongezea tu jibu la mama mkubwa, aliposikia yule kijana amekasirika: aje Muheza, atapikiwa, na amweleze mizigo yao waliiacha wapi.