Ati fashia inayeyushwa? Maswali yenu ya mwezi huu

Daktari, habari yako. Nauza mitumba hapa Kibuye, Kisumu, mwaka wa kumi na moja huu, nasimama asubuhi mpaka jioni. Tangu Desemba kisigino cha kulia kinaniuma vibaya, ile hatua ya kwanza nikitoka kitandani ni kama nimekanyaga msumari, alafu nikitembea tembea kinapoa, jioni kinarudi. Kuna jamaa wa masaji ameniambia fashia imeshikana na ataiyeyusha na mikono, elfu mbili kila mara, mara kumi. Nilipe? – Mama wa mitumba, Kibuye

Mama, hiyo elfu ishirini shikilia kwanza. Na mimi si daktari, ni mtu wa fizio tu, lakini nimeshazoea kuitwa hivyo nikaacha kukataa.

Huyo jamaa jina hajakosea. Ukitaka kuona fashia pitia bucha ukienda nyumbani, umwambie mwenye bucha akukatie nyama ya paja. Kabla hajapima utamuona akiingiza ncha ya kisu chini ya utando fulani mweupe unaong'aa, anaushika na vidole viwili anavuta, unatoka kama karatasi ya nailoni, anatupia paka. Ndio huo. Hata wewe uko nao mwili mzima, umefunika kila msuli, umeingia mpaka katikati ya nyama, umeshika mishipa ya damu na ya fahamu, na kwa unyayo umekuwa mnene kama mkanda kutoka kisigino mpaka kwa vidole.

Nikiwa chuo tulikuwa tunafanya kama huyo wa bucha. Kwa meza ya maiti tulikwangua huo utando tuone misuli vizuri vile iko kwa kitabu, tukatupa kwa ndoo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ulikuwa unafanya kazi gani huko ndani. Si sisi peke yetu, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa utafiti wa fashia ulifanyika Oktoba 2007 pale Harvard, yaani ni juzi tu, watu wamepasua maiti mamia ya miaka wakitafuta vitu vingine. Saa hii wanajua ina mishipa mingi ya fahamu, kwa hivyo inaweza kuuma yenyewe, na ina seli ambazo zinaweza kuikaza pole pole sana, si kama msuli ambao unakaza saa hiyo hiyo.

Sasa tukuje kwa kuyeyusha. 2008 kuna watafiti walipiga hesabu kwa kompyuta, nguvu gani inatakikana kusukuma fashia kutoka nje ndio ibadilike umbo hata asilimia 1 peke yake. Ile ya unyayo ilitaka uzito wa kama kilo 852 ukibonyeza. Kilo mia nane, mama! Hiyo ni ng'ombe mzima na mwingine nusu amesimama juu ya kisigino chako. Fashia nyororo kama ya puani ndio hesabu ilionyesha mkono unaweza kuisogeza, ya unyayo hapana. Na kitu kilichonifurahisha ni kwamba mmoja wa hao watafiti ni Robert Schleip, Mjerumani ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya kukanda watu, sasa uone mtu amekubali hesabu imguse mfukoni mwake.

Hiyo haimaanishi masaji ni bure. Ukikandwa unasikia raha kweli, mishipa ya fahamu inatulia, misuli inalegea, maumivu yanashuka kwa muda. Kama unapenda lipia raha, lakini usilipie kuyeyushwa.

Kitu kingine, wengi wenu mnaambiwa kisigino kimevimba ndani mnapewa dawa za kupunguza uvimbe miezi na miezi. 2003 daktari mmoja Marekani, Harvey Lemont na wenzake, waliangalia kwa hadubini vipande vya fashia ya unyayo kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa juu ya hii shida yako, wakakuta nyuzi zimechakaa na kuvurugika, ule uvimbe wenyewe hawakuuona. Kitu kilichochakaa kinataka kujengwa tena, na fashia inajengwa na mzigo, ukiipatia mzigo kidogo kidogo zile seli zake zinafuma nyuzi mpya.

Kwa hivyo fanya hivi. Asubuhi kabla hujakanyaga chini, weka huo mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vya mguu uvivute kuja kwako mpaka usikie unyayo umekaza, hesabu pole pole mpaka kumi, achilia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

Alafu ile ya pili ndio naipenda zaidi, imetoka Denmark, utafiti wa 2014, watu 48. Kunja taulo liwe kama chapati iliyoviringwa, weka kwa ngazi, simama vidole vikiwa vimepanda juu ya taulo na kisigino kining'inie nje, shika ukuta usianguke. Panda juu kwa sekunde 3, kaa hapo juu 2, shuka kwa 3. Mara kumi na mbili, pumzika, mpaka zitimie awamu tatu, siku moja ndio siku moja hapana. Ukiona imekuwa rahisi beba begi ya shule ya mtoto ikiwa na vitabu ndani. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa mbele ya wale wa kunyoosha peke yake, ingawa kufika mwaka mmoja wote walikuwa wamelingana, kwa hivyo usife moyo ikikawia. Na pale kwa kibanda toa hizo ndala flati, tafuta kiatu chenye soli nene, si wewe ndiye unauza mitumba.

Mimi ni wa nduthi, Njoro. Mgongo wa chini umekaza kama ubao. Nilisoma ati ni fashia. Ni ukweli ama ni story za mtandao? – Rider

Ndugu, kuna ukweli ndani yake. Mtafiti mmoja, Helene Langevin, akiwa Chuo Kikuu cha Vermont kule Marekani, aliwapiga watu ultrasaundi mgongoni, ripoti ikatoka 2011, watu 121, wengine wana maumivu ya muda mrefu wengine hawana. Fashia ya hapo imepangwa matabaka yanayoteleza, moja juu ya lingine. Kwa wenye maumivu huko kuteleza kulikuwa kumepungua kwa kama asilimia 20. Sasa ni maumivu yalifanya mtu aache kusonga ndio matabaka yakashikana, ama yalishikana kwanza? Picha ya siku moja haiwezi kukuambia hiyo.

Mimi nikikuangalia wewe naona mtu amekunjwa mahali pamoja masaa kumi. Kila ukishusha abiria shuka na wewe, zungusha kiuno, inama, nyooka, dakika moja inatosha. Jioni tembea. Lakini kama mguu unakufa ganzi, ama mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, hiyo si ya fashia wala ya kusoma hapa, enda hospitali siku hiyo hiyo.

Supu ya miguu inaongeza fashia? – Msomaji, Bungoma

Fashia ni kolajeni kwa wingi, yaani ile protini inayotengeneza nyuzi zake, na hiyo supu inayo. Shida ni tumbo haliipeleki nzima nzima mgongoni, linaivunja vipande vipande alafu mwili unaamua utatumia wapi. Na kushona kolajeni yake mwili unataka vitamini C. Kunywa supu yako, ni tamu, lakini ukimaliza kula pera.