Sweeney Todd: ya 2005 au ya 2023?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu wanaisifu Sweeney Todd (mchezo wa kuigiza wa nyimbo kuhusu kinyozi anayechinja watu kwa wembe) ya Broadway, New York, ya 2005 wakati rekodi yake unaisikia nyepesi ukilinganisha na ya 2023. Kwa masikio peke yake, nakuelewa. Ya 2023, chini ya mwongozaji Thomas Kail, ilirudisha okestra ya watu 26 na mpangilio wa ala wa Jonathan Tunick wa tangu onyesho la kwanza la 1979. King'ora cha kiwanda kikilia na kwaya ikapokea, mwili unasisimka.

Lakini ya 2005 ni ya macho pia. Mwongozaji wake, John Doyle, alikuwa na waigizaji 10 tu, na hao hao ndio waliokuwa bendi. Patti LuPone, aliyecheza Bi. Lovett, mshirika wa Sweeney, alipuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kabisa! Wapenzi wa mchezo huo, Johanna na Anthony, wanaimba mapenzi huku kila mmoja ana selo yake (fidla kubwa). Halafu mauaji: mtu akichinjwa, damu inamiminwa taratibu kutoka ndoo moja hadi nyingine, mbele ya macho yako, na marehemu anavaa koti jeupe lenye madoa ya damu. Hilo linatisha kuliko wembe wenyewe.

Mimi nachagua ya 2005 bila kusita. Josh Groban, Sweeney wa 2023, ana sauti tamu ajabu, ila simwogopi. Michael Cerveris wa 2005 namwogopa hata akiwa kimya. Isikilize tena, safari hii ukikumbuka kwamba kila anayeimba ameshika ala, kisha utuambie umeionaje.