Uyoga mweupe wa malishoni: geuza kofia kwanza

Umeuliza kama ule uyoga mweupe wa malishoni huko Molo unalika. Ukiwa Agaricus campestris, ndiyo, ila weupe wa kofia haukuambii kitu. Ng'oa mzima pamoja na shina, usikate juu juu. Vile vipande vyembamba chini ya kofia viwe vya waridi, baadaye kahawia ya chokoleti. Vikiwa vyeupe, au shina limetokea kwenye kifuko udongoni, achana nao: huenda ni Amanita, jamii ya uyoga ambayo baadhi yake huua. Vichanga ambavyo kofia haijafunguka viache pia, maana havitofautishiki kirahisi.

Kwaruza tako la shina. Likigeuka njano kali na kunuka wino au dawa ya hospitali, tupa.

Halafu laza kofia kwenye karatasi nyeupe, funika kwa bakuli usiku kucha. Unga wa mbegu zake utakaodondoka kwenye karatasi uwe kahawia iliyokoza. Unga ukiwa wa kijani, huo ni Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa wenye magamba, mpenda nyasi za uani. Unatapisha na kuharisha vibaya, na usitegemee kupika kuondoe sumu. Ishara zote zitimie. Moja ikikosekana, usile.