Fundi akisema "inshallah", usishangilie

Nyinyi wasimamizi wapya mnaokarabati nyumba za mawe hapa Lamu, tunawapenda, lakini mnatuchosha. Saiti mpya, ugomvi uleule: fundi umeme na mpiga lipu. Tuckman wa mwaka 1965, yule mwanasaikolojia aliyesema kila timu hupitia hatua kwa hatua, mmemkariri vizuri. Mkifika kazini mnatumia dawa moja kwa maradhi yote, ilhali kila hatua ina dawa yake:

1. Kukutana. Wiki ya kwanza kila mtu mpole, na ndipo ugomvi unapopandwa. Andika nani analipa punda wa mchanga. Pita chumba kwa chumba na mafundi wote wawili, mchore kwa mkaa kila swichi na soketi.

2. Kuvurugana. Lipu ishapigwa, fundi umeme anakuja na tindo. Anachimba mfereji, anauziba kwa saruji kwa kuwa inashika upesi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu na chumvi hutafuta njia pembeni, lipu inabambuka, na mpiga lipu anaambiwa kazi yake mbovu.

Hapo ndipo sote tuliotangulia tulipoungua: unawaita uani, mbele ya vibarua na wenye punda, unatoa hukumu. Mpiga lipu, mzee aliyefundisha nusu ya mafundi wa mtaa, hajibu. Anafuta mwiko wake, anasema "inshallah". Wewe unaandika daftarini: yamekwisha. Kesho anakuja mwanafunzi wake peke yake. Keshokutwa hata huyo haji. Ukimfuata nyumbani utapewa kahawa, utaulizwa hali ya mama yako, na saiti haitatajwa.

Zungumza na kila mmoja kando, kabla ya chai ya saa nne. Uliza kazi, usiulize tabia: mfereji ulichimbwa lini, umezibwa kwa kitu gani? Saruji itolewe, mfereji uloweshwe, uzibwe kwa chokaa na mchanga, tabaka nyembamba nyembamba. Siku za kungoja zilipwe na mradi, maana mchoro wa mkaa ulikuwa juu yako.

3. Kuzoeana. Wakianza kutaniana, waache. Ila akiingia fundi mpya, mmerudi namba mbili.

4. Kuchapa kazi. Malipo yasivuke Alhamisi.

5. Kuagana. Hii Tuckman aliiongeza na Mary Ann Jensen mwaka 1977. Ugomvi wake ni kazi ya ziada. Isiyoandikwa na kutiwa sahihi siku ileile mtaibishania gatini, fundi ameshika mkoba na boti ya Mokowe imeshawasha mashine.