Dawa ya mbwa usimpake paka
Dada, umeuliza kama viroboto wa mbwa wako wanaweza kumdhuru mtoto, na kama dawa ya mbwa inamfaa paka pia. La pili kwanza, maana ni la haraka: hapana! Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Atatetemeka, atapata degedege, na anaweza kufa. Kama umeshampaka, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Mtoto naye yumo hatarini kiasi. Akimeza kiroboto kwa bahati mbaya wakati anacheza na mbwa, anaweza kupata minyoo aina ya tegu. Utaona vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi. Inatibika. Ugonjwa wa tauni, uliosumbua Lushoto, Tanga, kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, huenezwa zaidi na viroboto wa panya, lakini paka anayewinda panya anaweza kuleta viroboto hao ndani, kwa hiyo panya pia wadhibitiwe.

Kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi. Kiroboto jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, nayo hudondoka kwenye mkeka, godoro na nyufa za sakafu. Fua matandiko yote kwa maji moto, fagia kila siku, na tibu wanyama wote siku moja. Endelea miezi mitatu, kwa sababu viroboto wachanga walio ndani ya vifukofuko dawa haiwafikii.