Bustani ya maua nyumbani: majibu kwa wanaoanza

Swali: Nimehamia nyumba yangu Kigamboni na uwanja wa mbele ni mchanga mtupu. Nianze na maua gani, na mwezi gani?

Jibu: Kabla ya kuwaendea wauza miche wa barabarani, ambao kila ua kwao humea popote, toka uwanjani asubuhi, adhuhuri na alasiri, uangalie jua linapiga wapi na kivuli cha ukuta kinaangukia wapi. Mawaridi na bogenvilia huhitaji jua kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, kwa hiyo pembe yenye kivuli iachie mimea ya majani. Pili, onja maji ya kisima chako: yakiwa na chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya karibu na bahari, mawaridi yatakusumbua, ilhali bogenvilia itavumilia.

Mchanga haushiki maji wala rutuba. Chimba mashimo ya sentimita 40 kwenda chini na 40 kwa upana, kisha changanya mchanga uliotoka humo na kiasi sawa cha mboji au samadi iliyooza. Nasisitiza iliyooza, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi, na watu wengi hudhani mche umekufa kwa kiu wakati umeuawa na mbolea. Kuhusu mwezi, wengi hupanda mvua za vuli zinapoanza, lakini mimi hupendelea mwezi wa Mei, masika yanapopungua, kwa kuwa mche hupata miezi ya kipupwe ya kushika mizizi kabla ya kukutana na joto kali la Januari na Februari. Gharama yake ni kwamba utalazimika kumwagilia mwenyewe kuanzia Juni.

Swali: Bogenvilia yangu ina majani tele lakini haichanui. Niongeze maji?

Jibu: Yapunguze. Sehemu yenye rangi tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika tu, na ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati yake. Mmea huu ukishibishwa maji na samadi hukimbilia kurefusha matawi. Subiri udongo ukauke ndipo umwagilie, na upogoe kila baada ya kuchanua, kwa maana maua hutokea kwenye machipukizi mapya.

Swali: Niko Unguja, nina ua mdogo (uwanja wa ndani ya nyumba), nami napenda kusuka vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia vya kujipambia. Je, nipande asumini na mlangilangi pamoja?

Jibu: Asumini ndiyo, tena bila wasiwasi, kwani humea vizuri hata kwenye chungu kikubwa iwapo ua wako unapata jua la kutosha. Ipogoe mara kwa mara ili itoe vichipukizi vingi, na uyachume maua jioni yangali matumba, yafunguke usiku yakiwa tayari kwenye kikuba. Kando yake otesha mrehani, ambao utauhitaji katika usukaji huohuo. Mlangilangi ni jambo jingine: ni mti unaoweza kupita mita 10, na katika ua mdogo utakunyima jua lote. Huko Komoro wakulima huukata ubaki mfupi ili wachumaji waufikie kwa mkono, lakini kazi hiyo haina mwisho, na mwaka utakaoghafilika mti utakupita. Kama jirani anao, omba maua.

Swali: Nimepanga ghorofani. Naweza kutumia ndoo na makopo?

Jibu: Unaweza, mradi utoboe matundu chini, maana maji yakituama mizizi huoza. Visahani vya kukingia maji vimwage kila baada ya kumwagilia. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika vyombo vidogo vya namna hiyo hiyo.